Nani Anabeba Dhamana Mgeni Anapoumia Safarini?



Kijana mmoja anayeendesha boti ya kupeleka wageni kwenye matumbawe alinijia msikitini baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ile karatasi ambayo wageni hutia saini kabla hawajapanda: mwenye boti hatohusika na ajali, kuumia wala kifo. Mgeni wake mmoja alikuwa amefariki majini. Tajiri wa boti alimwambia asitie shaka, kwani saini ipo na bima imeshalipa. Yeye hakuja kuuliza habari ya polisi wala mahakama. Aliniuliza: "Sheikh, mbele ya Mola wangu niko salama?"

Kwanza nilimuuliza mimi. Siku ile mlipakia watu wangapi, na boti imeruhusiwa wangapi? Majaketi ya kujiokolea yalikuwa mangapi, na yalivaliwa au yalikuwa yamefungiwa chini ya ubao? Upepo ulikuwaje mlipoondoka? Nani alibaki juu kuwatazama walio majini? Mgeni aliulizwa kama anajua kuogelea? Alinijibu kwa ukweli, hata pale ukweli ulipomuumiza, na majibu yake nayaacha baina yangu na yeye. Ninachoandika hapa ni kanuni, kwa sababu visiwani kwetu ni nadra nyumba kukosa mtu ambaye riziki yake inatoka kwa mgeni: nahodha, dereva, mpishi wa hoteli, mwenye gesti, mwenye vespa za kukodisha. Na nyumba hizo hizo hutoa wasafiri wanaokwenda Umra au matibabu, ambao nao huweza kuumia wakiwa mikononi mwa wengine.

Damu ya mgeni

Nianze na jambo ambalo baadhi ya vijana hulisema kwa mzaha, nami silipendi: kwamba aliyekufa si Muislamu, basi jambo ni jepesi. Mgeni aliyeingia nchini kwa viza amepewa amani. Wanazuoni wa zamani walimwita mustaamin, aliyepewa amani, na Mtume (s.a.w.) ametoa onyo kali sana kwa anayeua mtu mwenye ahadi. Aya ya 92 ya Suratun-Nisaa, inayozungumzia kuua kwa bahati mbaya, imewataja pia watu ambao baina yetu na wao kuna mapatano, ikawawekea diya na kafara. Madhehebu yametofautiana katika kiwango cha diya ya asiyekuwa Muislamu. Mahanafi wameisawazisha na ya Muislamu, sisi Mashafii tuna kiwango cha chini kwa Ahlul-Kitab. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kuwa damu yake ni bure. Na mahakama za nchi yetu, ambazo ndizo zinazohukumu mambo haya, haziulizi dini ya maiti.

Mwili si mzigo

Fiqhi imetenganisha vitu viwili ambavyo mikataba ya safari huvichanganya, yaani mizigo ya msafiri na mwili wake.

Begi la mgeni likiwa ndani ya gari yako ni amana. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, mwenye kukodiwa hadhamini kitu kilichoharibika mkononi mwake mpaka awe amevuka mpaka au amezembea. Wengine, wakiwemo Wamaliki kwa mafundi, waliwadhamanisha ili mali za watu zisipotezwe. Hapa kuna habari ninayoipenda: Ar-Rabii, mwanafunzi wa Imam Shafii, amepokea kwamba Imam mwenyewe aliona mwenye kukodiwa hana dhamana, lakini hakuwa akitoa fatwa hiyo, kwa kuchelea uharibifu wa watu. Alijua wachukuzi wa zama zake. Sijui angesema nini angeona mabegi yanavyorushwa bandarini Malindi.

Mwili wa binadamu huru hauingii katika amana wala ghasbu. Mtu hawi "mkononi" mwa mtu kama begi. Dhamana yake inakuja kwa njia mbili tu. Ama umemdhuru kwa tendo lako moja kwa moja, nawe ni mubashir, au umesababisha, nawe ni mutasabbib. Majalla, ule mkusanyiko wa sheria wa Dola ya Uthmaniya uliotolewa baina ya 1869 na 1876, imeweka kanuni hizi katika vifungu vya 92 na 93. Mwenye kutenda moja kwa moja hudhamini hata kama hakukusudia, na msababishaji hadhamini ila akiwa amekusudia au amevuka mpaka. Dereva aliyegonga hasemi "sikukusudia" akawa amemaliza. Mwenye gesti ambaye ngazi yake imeoza huulizwa: ulijua, au ulipaswa kujua?

Kifungu cha 90 kinasema kwamba wakikutana mtendaji na msababishaji, hukumu huegemea kwa mtendaji. Kwa hiyo nahodha asiseme "tajiri kaniamrisha nipakie." Yeye ndiye aliyeshika usukani. Ila pale tajiri alipoujua ubovu wa boti na nahodha hakuujua, tajiri ndiye aliyemghuri nahodha na abiria pamoja, na dhamana inarudi kwake.

Mlango wa majahazi

Wengi wetu tuliosoma Minhaji ya Imam Nawawi madrasa tulipita haraka katika suala la vyombo viwili vinavyogongana baharini. Liko ndani ya mlango wa diya, nasi tulikuwa watoto, tukaona ni mambo ya zamani. Nimelirudia nikiwa mtu mzima nikaona limeandikwa kwa ajili ya pwani yetu.

Wanazuoni wanasema: manahodha wakishindwa na mawimbi bila uzembe wao, hakuna dhamana. Kisha wanaeleza uzembe ni nini, na Nawawi ameutaja katika Rawdha kwa maneno ya mtu anayeijua bahari. Ni kusafiri katika upepo mkali ambao vyombo mfano wa hivyo havisafiri. Ni kutotimiza idadi ya mabaharia. Ni kutotimiza zana za chombo. Mtu akisoma hayo leo, anaona jaketi la kujiokolea, redio, mashine ya akiba na baharia wa pili wa kutazama waogeleaji. Hayo yote yanaingia katika neno zana na neno watu. Na kupakia zaidi ya kipimo kuna hukumu yake katika mlango wa ijara: aliyekodi mnyama kwa mzigo maalumu akamzidishia, amevuka mpaka. Kipimo kilichoandikwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini ni kipimo cha aina hiyo. Ukikipita umeshatoka katika kundi la walioshindwa na bahari, hata kama siku hiyo mtafika salama.

Sihitaji kutafuta mifano mbali. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na zaidi ya watu 2,000, idadi iliyopita kwa mbali ile iliyoruhusiwa. Mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, siku ya upepo mkali. Kila mara tulisikia mitaani: ni qadar ya Allah. Ni kweli, kila kitu ni kwa qadar. Lakini qadar ni itikadi yetu juu ya lililotokea, na haijawahi kuwa jibu la anayeulizwa kwa nini alipakia. Hata mwizi anaiba kwa qadar.

Na pale Makka, 11 Septemba 2015, winchi kubwa ya ujenzi iliangukia Masjidul-Haram, wakafa mahujaji zaidi ya 100. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Hata hivyo uchunguzi wa Saudia haukusimama kwenye upepo. Ulisema kampuni ya ujenzi iliiacha winchi katika hali iliyokwenda kinyume na maelekezo ya mtengenezaji. Upepo ulikuwa wa Allah, na namna ya kuiacha winchi ilikuwa ya watu.

Ile karatasi

Sasa turudi kwenye karatasi ya kijana. Katika madhehebu yetu, kusamehe haki ambayo bado haijathibiti si sahihi. Mtu hasamehi deni ambalo halipo. Mgeni anapotia saini ufukweni hajaumia, hana dai, basi hakuna alichokusamehe. Waislamu hufuata masharti waliyowekeana, na Hadithi ya jambo hili ni mashuhuri, lakini Hadithi hiyo hiyo imetoa sharti linalohalalisha haramu. Kuzembea na roho za watu hakuhalalishwi kwa kalamu.

Je, karatasi haina faida yoyote? Inayo, ikiandikwa vingine. Ikimweleza mgeni hatari zenyewe, kwa lugha anayoielewa, kwamba mkondo wa mahali fulani ni mkali, asitoke nje ya kamba, asiingie majini akiwa na maradhi ya moyo, basi hiyo ni nasaha na ni ushahidi. Akikiuka baada ya hapo, sehemu ya madhara ni ya kujitakia. Fiqhi inajua kugawa: wapanda farasi wawili wakigongana wakafa, kila upande hubeba nusu ya diya ya mwenzake, kwa kuwa kila mmoja alishiriki katika kifo chake mwenyewe. Kwa hiyo andikeni maonyo. Neno "hatuhusiki" halifanyi kazi mnayoitegemea.

Msamaha baada ya madhara ni jambo jingine, huo ni halali na unafunga dai. Na hapa nawaonya wenzangu tunapokuwa sisi ndio wafiwa. Nimeona familia ikiletewa bahasha siku ya hitima na ami mkubwa akatia saini kwamba hawana dai tena. Diya hurithiwa kama mali nyengine, mke ana fungu lake na watoto wana mafungu yao. Mtu mzima anaweza kusamehe fungu lake. Hakuna ami, babu wala sheha mwenye haki ya kusamehe fungu la yatima. Saini hiyo kwa sehemu ya watoto ni batili, na aliyeitia atakuja kuulizwa.

Mnyororo wa wauzaji

Safari moja ya boti huweza kupita mikono minne. Kijana wa ufukweni, ambaye watu humwita papasi na yeye hapendi, humleta mgeni kwa wakala, wakala humpigia mwenye boti, mwenye boti humtuma nahodha. Likitokea la kutokea, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Msingi ni kuangalia nani alifunga mkataba. Aliyesema tangu mwanzo "mimi ni dalali, boti ni ya fulani," akachukua ujira wake wa udalali, hana dhamana ya utekelezaji, isipokuwa amedanganya. Aliyeuza kwa jina lake, akapokea fedha na kutoa risiti, yeye ndiye mkodishaji mbele ya mgeni, hata kama hana ubao mmoja wa boti. Na aliyemwambia mgeni kwamba nahodha ana leseni akijua hana, amefanya udanganyifu unaomwingiza katika dhamana. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengine inamdhamanisha anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu. Anayejifanya mzamiaji au nahodha naye anapimwa kwa mizani hiyo.

Sheria za Ulaya zimekwenda mbali zaidi katika hili, na wenye hoteli zetu wanapaswa kulijua. Julai 2010 mwanamke mmoja kutoka Uingereza alikuwa hotelini Sri Lanka na mumewe, kwa safari waliyoinunua kwa kampuni ya Kuoni. Usiku alikuwa akienda mapokezi. Fundi umeme wa hoteli, aliyekuwa kazini na amevaa sare, akajitolea kumwonesha njia ya mkato, akamtia chumbani na kumbaka. Kuoni ilisema haikumwajiri fundi yule na kwamba tendo lile halikuwa katika mkataba wa likizo. Mahakama mbili za Uingereza ziliikubalia. Shauri likafika Mahakama ya Juu, iliyouliza kwanza Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 30 Julai 2021 ikaamuliwa kwamba Kuoni inawajibika. Kumsindikiza mgeni ndani ya hoteli ni sehemu ya huduma aliyoilipia, na aliyeuza safari nzima hajifichi nyuma ya aliyempa kazi. Ilichukua miaka kumi na moja.

Kwa nini jambo hili linatuhusu? Kwa sababu kampuni ya Ulaya ikishalipa, huwa haikai kimya. Hufungua mkataba wake na hoteli na kudai irejeshewe. Anayeamini kuwa mgeni akipanda ndege yameisha, ajue barua huweza kumfuata baada ya miaka.

Ataniuliza msomaji: hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyengine, vipi tajiri alipe kwa kosa la mtumishi? Dhambi na adhabu ni za mtendaji peke yake, hilo halina mjadala. Malipo ya fidia yana mlango mwengine. Sheria ya Madai ya Jordan ya 1976, iliyojengwa juu ya fiqhi, ilianza kifungu chake cha 288 kwa kanuni hiyo hiyo, kwamba mtu haulizwi kwa tendo la mwengine. Kisha ikamruhusu hakimu, akiona sababu, kumlipisha yule mwenye mamlaka ya kumsimamia mtendaji ikiwa kosa limetokea kazini au kwa sababu ya kazi, naye ana haki ya kurejea kwa mtendaji. Mimi naona huo ni uadilifu. Aliyemvisha sare amemwambia mgeni: mwamini huyu. Wanazuoni wengine hawaoni hivyo, na Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Neno dogo kuhusu vespa. Mgeni aliyekodi vespa ameishika kwa amana. Ikikwaruzika bila uzembe wake halipi, na sharti la kwamba atalipa kila kitakachotokea halisimami katika madhehebu yetu. Wanaozuia pasi za wageni kwa mkwaruzo uliokuwepo tangu mwaka jana wanakula haramu. Na anayemkabidhi mtu vespa isiyo na breki, akijua, ndiye mwenye kudaiwa.

Tunapokuwa sisi ndio wasafiri

Wanaokwenda Umra kwa ndege wana haki ambayo wengi hawaijui. Tanzania na Saudia zote zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999. Abiria akifa au akiumia mwilini kwa ajali ndani ya ndege, au wakati wa kupanda na kushuka, shirika la ndege hulipa madhara yaliyothibitika hadi kiwango maalumu bila ya kutakiwa kuthibitisha uzembe. Kiwango hicho tangu 28 Disemba 2024 ni 151,880 kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Zaidi ya hapo shirika linaweza kujitetea kwa kuonesha kuwa halikuzembea. Muda wa kufungua dai ni miaka miwili, na ukipita haki imekwenda. Basi la baina ya Makka na Madina halimo katika mkataba huo. Huko unarudi kwa aliyekuuzia safari, ndiyo maana nasisitiza mkataba wa maandishi wenye jina la kampuni, anwani na idadi ya huduma. Ujumbe wa sauti kwenye simu ni dhaifu mno kuutegemea.

Bima na kafara

Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar hulazimika kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Hukumu ya bima ya biashara tumeshaieleza mara nyingi. Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah iliizuia mwaka 1985 na kuruhusu ile ya kusaidiana, na linalolazimishwa na sheria lina hukumu yake. Kwa mlango huu inatosha kujua kwamba bima hulipa hospitali na usafirishaji. Haimfanyi mzembe kuwa si mzembe.

Na kuna deni moja ambalo hakuna shirika litakalolilipa. Aliyeua kwa kukosea, hata kwa kusababisha katika madhehebu yetu, ana kafara. Kumwacha huru mtumwa hakupo tena, kwa hiyo ni kufunga miezi miwili mfululizo kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Akifungua siku moja bila udhuru, anaanza upya. Mahanafi hawamuwekei kafara aliyesababisha tu. Ambaye hakuzembea na hakutenda, hana kitu, wala asijitese. Nilimweleza kijana hayo yote, na karatasi yake nikamrudishia.

Kuhusu wapi pa kushitaki: Mahakama ya Kadhi kwetu husikiliza ndoa, talaka, malezi, wakfu na mirathi. Madai ya fidia ya ajali na mikataba ya utalii huenda mahakama za kawaida, na malalamiko juu ya leseni hupelekwa Kamisheni ya Utalii, au Mamlaka ya Usafiri Baharini ikiwa ni chombo. Kwa kadhi mtakwenda baada ya hapo, fidia ikishapatikana, ili igawiwe kwa mafungu yake. Nendeni na majina ya watoto wote, na aliye tumboni pia.